Mtoro alikimbilia wapi? Pwani na watu walioukimbia utumwa kabla sheria haijafika

Kila habari za Harriet Tubman zinapozunguka mitandaoni, watu wetu huulizana swali lilelile. Ni yule mama wa Marekani aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1849, kisha akarudi kwa siri mara zipatazo 13 kuwatoa ndugu zake na wengine, jumla yao kama 70. Swali ni hili: mbona huku kwetu hatusikii mtu wa aina hiyo? Na hakosekani wa kujibu, tena kwa uhakika, kwamba huku watumwa walikaa wakingoja mpaka Mwingereza akafunga soko la Unguja mwaka 1873 na utumwa ukaisha.

Hapana. Kilichopigwa marufuku Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alipokubali mkataba uliosukumwa na balozi wa Uingereza, John Kirk, ni kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Kumiliki mtumwa kulibaki halali. Mwenye watumwa ishirini shambani aliyelala usiku ule, asubuhi aliamka nao ishirini. Biashara yenyewe ilihamia nchi kavu, misafara ikitembea kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini hadi Pangani, Mombasa na Malindi, mpaka Sultani akaipiga marufuku nayo mwaka 1876. Hata hapo umiliki haukuguswa. Ulikuja kuguswa Unguja na Pemba mwaka 1897, Pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Kwa hiyo kati ya kufungwa soko na sheria ya Kenya kuna miaka 34. Aliyetaka uhuru katika miaka hiyo hakuwa na cha kungojea. Aliondoka.

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe watu wawili ambao kwenye mazungumzo yetu huchanganywa kila siku, na kuchanganywa kwao ndiko kunakozaa nusu ya mkanganyiko huu. Mateka ni mtu aliyekamatwa jahazini na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikivizia baharini, akashushwa na kukabidhiwa kwa serikali au misheni. Yeye hakutoroka, alinaswa akiwa njiani, na kisheria akawa huru siku hiyo. Mtoro ni mtu aliyekuwa tayari na bwana, shambani au mjini, akaamka siku moja akaenda zake. Huyu kisheria aliendelea kuwa mali ya mtu popote alipokuwa, na anayempa hifadhi alihesabiwa mwizi. Mji wa Freretown, Kisauni, karibu na Kengeleni ya leo, ulianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya mateka. Mtoro aliyebisha hodi pale alitakiwa arudishwe kwa bwana wake. Mtu akikwambia Wazungu walijenga Freretown kuwapokea watoro, mwambie kwamba watoro ndio hasa waliokatazwa.

Watumwa nao hawakuwa wa namna moja. Mjinga, yaani aliyefika juzi kutoka bara, hakujua njia wala lugha. Mzalia alizaliwa hukuhuku, akisema Kiswahili kama bwana wake na mara nyingi akisali naye. Wa shambani alilima. Wa mjini alibeba mizigo au alifanya kibarua, akimpelekea bwana wake ijara, yaani sehemu ya ujira. Suria aliishi ndani na watoto wake walihesabiwa watoto wa bwana. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kukaa na mlango wake wa kutokea. Ukiuliza "kwa nini hawakutoroka" kana kwamba walikuwa mtu mmoja, hutapata jibu la maana.

Mpaka usiokuwapo

Tubman alikuwa na upande wa kwenda. Kaskazini kulikuwa na majimbo yasiyo na utumwa, na sheria ya mwaka 1850 ilipowaruhusu wenye watumwa kuwafuata watu wao mpaka huko, alisogea mbele akawavusha hadi Kanada. Kulikuwa na mstari, na ukiuvuka umevuka.

Pwani haikuwa na mstari. Chukua Myao aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa, akapitishwa Kilwa, akauzwa Malindi. Kwao ni mwendo wa wiki nyingi, na njia pekee anayoijua ni ileile aliyoletwa nayo, yenye wafanyabiashara walewale. Akienda magharibi anaingia kwa watu asiojua lugha yao, na mtu asiye na ukoo anaweza kushikwa tena na kuuzwa na yeyote, mweusi mwenzake akiwamo. Shida yake kubwa haikuwa minyororo. Minyororo ilikuwa ya safarini zaidi kuliko ya shambani. Shida ilikuwa kwamba nje ya kwa bwana hakuna aliyemjua.

Ni kama leo uingie mji mgeni kutafuta chumba cha kupanga, huna kitambulisho wala mdhamini. Pesa unaweza kuwa nayo, lakini mwenye nyumba anataka kujua wewe ni wa nani na nani atakusemea likitokea la kutokea. Mtoro alikuwa katika hali hiyo, ila kwake aliyekosa wa kumsemea alipoteza nafsi yake. Ndiyo maana wengi waliotoroka hawakukimbilia mahali bali walikimbilia watu: bwana mwingine mpole zaidi, mzee wa Kigiriama, sultani mwasi, misheni. Na wengine, ambao kwangu ndio wenye kisa kikubwa kuliko wote, walikusanyika wakawa wao wenyewe ndio wenyeji.

Sabaki, Witu na kisa cha Fuladoyo

Jiografia iliamua mengi. Unguja na Pemba, penye mikarafuu, bahari ndiyo iliyokuwa ukuta. Kwa desturi mtumwa wa shambani huko aliachiwa Alhamisi na Ijumaa alime kikonde chake, na hiyo ilikuwa nafasi ya kupumua kuliko ya kutoroka, maana bila chombo huendi popote.

Malindi mambo yalikuwa tofauti. Mji ulikuwa umefufuka kuanzia miaka ya 1860 kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Kazi ilipimwa kwa ngwe: kila mtu alikatiwa kipande chake, na hakutoka shambani mpaka akimalize, msimamizi akimtazama. Lakini nyuma ya mashamba hayo kulikuwa na msitu, halafu mto Sabaki, halafu nchi ya Wagiriama. Mtu angeweza kuacha jembe kwenye ngwe na kabla ya alfajiri akawa upande wa pili wa mto. Na habari za nani anapokea watu zilisafiri na wenye kusafiri, yaani wapagazi wa pembe, mabaharia na mahamali, ambao wengi wao walikuwa watumwa vilevile.

Kando ya Sabaki na ndani zaidi msituni vikazuka vijiji vya watoro. Makongeni ni kimojawapo. Walilima, wakajenga maboma, wakaweka walinzi, na mtu mpya akifika alipokewa na watu ambao nao walikuwa wamefika vivyo hivyo mwaka jana au juzi.

Wagiriama waliwasaidia, lakini tusiwapambe. Mzee aliyempokea mtoro alipata mkono wa kulima na mtu wa kushika upinde, na mtoro huyo akiwa mwanamke, mzee alipata mke asiye na mahari ya kulipwa kwa mtu. Kuna waliopokewa wakawa ndugu na kuna waliopokewa wakawa wategemezi wasio na sauti. Ni hivyohivyo kwa Witu, bara ya Lamu, ambako Ahmed wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kama Simba, aliwapa watoro ardhi na ulinzi kwa sababu alikuwa mwasi dhidi ya Sultani wa Unguja na alihitaji askari. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gasi, kusini ya Mombasa, naye alikuwa na watoro katika jeshi lake. Si wapigania uhuru hao. Mbaruk alikuwa na watumwa wake. Lakini kwa mtoro aliyefukuzwa nyuma, bunduki ni bunduki.

Sasa njoo Fuladoyo. Hiki kilikuwa kijiji bara ya Takaungu, na kiliongozwa na Mgiriama aliyeingia Ukristo, David Koi. Hakuwa padri wala hakuwa na Mzungu wa kumsimamia. Watoro walimiminika kwake, wakajenga, wakawa wanakusanyika kusali. Hebu fikiria hesabu ya wenye mashamba wa Takaungu na Malindi: kila mtu aliyehamia Fuladoyo ni ngwe moja isiyolimwa, na kila Jumapili kengele ya sala ni mwaliko kwa waliobaki. Mwaka 1883 kijiji kilishambuliwa, Koi akashikwa na kuuawa. Kanisa la Kianglikana nchini Kenya humkumbuka kuwa shahidi wake wa kwanza, jambo la haki, ila namna inavyosimuliwa hufanya ionekane aliuawa kwa ajili ya dini peke yake. Angehubiri bila kupokea watoro, sidhani kama mtu angesumbuka kutoka Takaungu. Fuladoyo yenyewe haikufa naye. Watoro walirudi.

Mama aliyewatoa Wazigua

Kwa anayetaka kabisa Tubman wa huku, yupo wa kumtazama, ila habari zake ziko midomoni mwa watu na si kwenye makaratasi. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa ilipiga Uzigua, nyuma ya Pangani na Sadani. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani kwa ahadi ya kazi, wakapakiwa majahazini na kujikuta Barawa na Merka, kwenye mashamba ya mto Shebelle, watumwa.

Wazigua wa Somalia husimulia kwamba aliyewatoa ni mwanamke mwonaji, Wanankhucha. Aliwakusanya, akapanga safari, wakaondoka kwa nia ya kurudi kwao kwa miguu, kusini. Hawakufika. Walipofika bonde la mto Juba ardhi ilitikisika, naye akaisoma kuwa ni alama ya kusimama hapo. Wakakaa, wakafyeka msitu, wakajitetea. Kuanzia hapo bonde lile, lililoitwa Gosha, likawa kimbilio la kila aliyetoroka mashamba ya Shebelle: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo. Baadaye akatokea kiongozi wao mwingine, Nasibu Bundo, ambaye masultani na wakoloni walilazimika kuzungumza naye kama mtawala.

Wajukuu wao walisema Kizigua Somalia kwa zaidi ya karne moja. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, wengine walikuja kwa majahazi mpaka Tanga, na mzee wa Handeni aliweza kusikilizana nao. Tanzania iliwapa ardhi Chogo, mkoani Tanga, na baadaye uraia. Wengine, zaidi ya 12,000, walichukuliwa na Marekani kutoka kambi za Kenya kuanzia mwaka 2003. Ndio wanaoitwa huko Wabantu wa Somalia.

Rabai, na barua za Januari 1889

Tumeona kwamba misheni ilikatazwa kupokea watoro. Basi walikuwaje wengi hivyo Rabai?

Jibu lina jina: William Jones. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani mtoto, akaokolewa baharini na kusomeshwa Nashik, India, katika shule ya misheni ya watoto waliokombolewa. Waliorudi kutoka huko waliitwa Wabombay. Jones alikuja Mombasa kuitumikia CMS na mwaka 1885 akawekewa mikono ya ushemasi na Askofu Hannington. Aliwekwa Rabai, kituo cha zamani cha wamisionari Krapf na Rebmann kilichoko kwenye vilima nyuma ya Mombasa.

Mtoro alifika Rabai, akajenga kibanda pembezoni, akaanza kuhudhuria sala. Jones hakumuuliza alikotoka, au aliuliza akalisahau jibu. Wakubwa wake wa Kizungu walipokuwa wakiwaandikia wenye watumwa kwamba misheni haina watoro, Rabai ilizidi kujaa. Nionavyo, kutotaka kujua kwa mtu huyu kuliwaokoa watu wengi kuliko manowari kadhaa, na hakukuwa na tamko wala picha.

Mwaka 1888 jambo likapasuka. Kampuni ya Kiingereza, IBEA, ilikuwa ndiyo kwanza imepewa kuendesha Pwani kwa niaba ya Sultani, na wenye watumwa wa Mombasa walikuwa wamechoka, walitishia kuvamia. Hesabu ikafanywa katika vituo vya CMS na vya Wamethodisti, na watoro zaidi ya 1,400 wakapatikana. Mwakilishi wa kampuni, George Mackenzie, akaona njia mbili tu, vita au pesa, akachagua pesa. Fidia ilipangwa reale 25, sarafu za fedha za wakati ule, kwa kichwa, wenye watumwa wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakakusanyika Rabai kupewa barua za uhuru.

Picha ni nzuri, lakini tazama vizuri nani kalipwa. Aliyelima bure miaka kumi hakupata hata pesa moja. Na barua ile haikumpa uhuru. Ilikiri uhuru aliokuwa ameshajichukulia mwenyewe kwa miguu yake, baadhi yao miaka mingi nyuma. Tena haikuwa mfano wa kuendelezwa. Kampuni ilitangaza papo hapo kwamba watoro wapya hawatapokewa. Mwaka uliofuata Lugard, yule aliyekuja kuwa mashuhuri Uganda na Nigeria, alipopita Fuladoyo, mpango aliowapa watoro ulikuwa wafanye kazi kwa ujira ili wajinunue. Yaani mtu aliyekuwa huru porini alipewa nafasi ya kulipia uhuru huo.

Kisha zikaja sheria

Ukishayaona hayo, amri za masultani zinasomeka vingine. Tarehe 1 Agosti 1890 Sultani Ali bin Said alitoa amri kali: hakuna tena kuuza wala kununua, na mtumwa ana haki ya kujikomboa kwa kumlipa bwana wake thamani yake. Mji ukachafuka. Mwezi huohuo haukwisha kabla ya tangazo jingine kwamba mtumwa akileta pesa, bwana halazimiki kuzipokea.

Amri ya Aprili 1897, ya Sultani Hamoud bin Muhammad, ndiyo hutajwa shuleni kuwa mwisho wa utumwa Unguja. Haikumwachia mtu huru kwa kupita tu. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba, na akishapewa uhuru aonyeshe ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwenye mtumwa alilipwa fidia. Kwa nini masharti yote hayo? Kwa sababu karafuu zilitaka wachumaji, na hazina ya serikali ilitegemea karafuu. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walihama shamba wakahamia jingine, au wakakaa palepale kwa mapatano mapya na bwana: siku kadhaa za kazi, na kikonde cha kulima.

Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, kwa hoja kwamba suria ni kama mke. Mlango wao ulifunguliwa mwaka 1909 tu. Kwa hiyo kwa miaka 12 baada ya "mwisho wa utumwa", mwanamke wa ndani aliyetaka kuondoka bila ridhaa ya bwana alikuwa bado mtoro, tena mtoro anayewaacha watoto wake nyuma.

Upande wa Tanganyika Wajerumani hawakuufuta utumwa hata siku moja. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, wakawaacha wazazi wao walivyo. Waliofuta ni Waingereza, mwaka 1922, na kufikia hapo wengi walikuwa wamekwisha kujiondokea, hasa katika vurugu za Vita Kuu.

Pwani ya Kenya sheria ya mwaka 1907 ilifuatwa mwaka uliofuata na nyingine ambayo haisemwi sana mtu akizungumzia utumwa, nayo ni ya hatimiliki za ardhi. Mwenye dai la ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa kulipeleka na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliokuwa na karatasi, mashahidi na lugha ya mahakama ni wenye mashamba. Aliyekuwa mtumwa na bado akilima kikonde chake kwenye shamba la bwana wa zamani hakuwa na cha kupeleka, wala mtoro aliyefyeka msitu karibu na Sabaki. Wote wawili wakawa watu huru wanaokaa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Ukisikia leo mjadala wa maskwota wa Kilifi au Malindi, na mtu akauliza inakuwaje watu wakae mahali vizazi vinne bila hati, sehemu ya jibu iko hapo.